Usukani wa Kulia na Usukani wa Kushoto

Mimi nimeendesha gari kwa miaka thelathini na ushei, na mingi katika miaka hiyo nimeimaliza Mombasa, mji ambao dereva wake akitoka salama hujiona kwamba ataendesha popote duniani. Nilijifunza mwaka 1990. Nikatahiniwa kwa vigari vya kuchezea juu ya ule mji wa mbao ambao kila aliyepata leseni Kenya anaujua, kisha nikatolewa nje, nikazungushwa mara moja, nikaambiwa nimefaulu. Kwa hivyo mwaka jana nilipofunga safari ya Uingereza, na kutoka huko nikavuka bahari mpaka Marekani, habari ya kuendesha gari haikunitia wasiwasi hata kidogo. Lililonitia wasiwasi lilikuwa jingine.

Safari yenyewe ilikuwa ya kutumwa. Kaka yangu mkubwa, mwana wa marehemu baba kwa mkewe wa kwanza, amenipita kwa miaka zaidi ya ishirini, naye anaishi Columbus katika jimbo la Ohio. Alitoka kwetu akiwa baharia, akashuka melini, akaoa, akazaa, akazeekea huko. Sasa ana miaka 78. Usiku mmoja binti yake alinipigia simu. "Ami," akaniambia, "Baba amegonga tena." Mara ya kwanza aligonga sanduku la barua la jirani, mara hii amegonga gari lililoegeshwa. Daktari alikuwa amekwisha kumwambia kwamba jicho lake la kushoto lina presha na haoni sawasawa pembeni. Watoto wamesema naye hata wamechoka. "Njoo wewe, Ami, umwambie atoe funguo. Wewe ndugu yake atakusikia."

Hebu msomaji jiweke mahali pangu. Mtu huyu ndiye aliyenishika mkono kunipeleka chuoni siku yangu ya kwanza. Ndiye aliyenilipia karo ya shule kwa pesa za melini. Sijapata kumjibu neno maishani mwangu. Leo niende kwake nimwambie kuwa hafai kushika usukani?

Njiani nikapitia Leicester kwa dada yetu, ambaye ana miaka 71. Nilikwenda kumtazama, lakini pia, nikisema kweli, nilikwenda kutafuta maneno ya kumwambia Kaka.

Huko Uingereza usukani uko kulia na gari linakwenda kushoto, kama kwetu, kwa kuwa sisi tulirithishwa na wao. Mpwa wangu akaniandikisha katika bima ya gari lake, nami nikaona mambo ni yale yale. Lakini wapi! Nilipofika vichochoro vya pembeni mwa barabara ya Evington, nyumba zimepangana bega kwa bega, magari yameegeshwa huku na huku, na katikati imebaki nafasi ya gari moja tu, nikakutana na gari linakuja. Mwenye gari lile akasimama mbali, akanimulika taa mara mbili. Nami kwa malezi yangu ya Mombasa nikajua maana yake: ninakuja, nipishe, na usiponipisha shauri lako. Nikakanyaga breki, nikajibana pembeni. Akanimulika tena. Nikazidi kujibana. Mpwa wangu akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Mjomba," akaniambia, "anakuambia upite wewe."

Nikapita, na yule bwana akaniinulia mkono, nami kumbe nilitakiwa kumwinulia wangu kwanza. Kile kitabu chao cha kanuni, Highway Code, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1931, kinasema kumulika taa maana yake ni kumjulisha mwenzio kwamba upo, basi. Lakini watu wamejitungia lugha yao: taa ni "tafadhali pita", mkono ni "ahsante". Mwingereza ambaye katika basi hamsemeshi aliyekaa naye, akiwa ndani ya gari huwa hodari wa kuzungumza. Katika vichochoro vile nilisalimiana na watu wengi kuliko niliosalimiana nao madukani wiki nzima.

Nadhani hiyo ndiyo siri ya uendeshaji wa Uingereza. Barabara ni za zamani na nyembamba, nyingi zilikuwako kabla ya motokaa, kwa hivyo dereva analazimika kumtazama mwenzake na kupatana naye. Angalia ule mzunguko wa barabara, ambao wenzetu wa Tanzania wameupa jina zuri la kipilefti, kwa kuyasoma tu maneno ya kile kibao cha Waingereza. Mwanzo kila gari lilijitosa ndani, na mizunguko ikajifunga yenyewe kama uzi uliotatana. Mwaka 1966 ikawekwa kanuni: mpishe atokaye kulia kwako. Kanuni moja, mambo yakafunguka. Katika mji wa Swindon, mwaka 1972, walifika hadi kutengeneza mizunguko mitano midogo kuuzunguka mmoja mkubwa, na ule wa katikati huzungukwa kinyumenyume. Mpwa wangu alitaka kunipeleka nikaendeshe. Nikamwambia nimekuja kuzuru, sikuja kufa.

Mtihani wao nao si mchezo. Kijana haruhusiwi kujifunza gari mpaka afike miaka 17. Kwanza, tangu mwaka 1996, kuna mtihani wa maarifa. Siku hizi ni maswali 50, na lazima apate 43, pamoja na kutazama sinema za barabarani na kubonyeza anapoona hatari inakuja. Kisha hutiwa barabarani kwa muda wa dakika 40 hivi, mtahini yuko ubavuni na kalamu yake. Makosa madogo husamehewa hadi 15. Kosa kubwa moja tu, kwaheri. Wanaofaulu hawafiki nusu ya wanaoketi. Mpwa wangu alirudia mara tatu, na siku aliyofaulu Dada alipika biriani. Tena ukitahiniwa kwa gari lisilo na gia za mkono, leseni yako haikuruhusu kugusa lenye gia.

Jambo moja lilinichekesha: petroli wanauza kwa lita, na vibao vya barabara vimeandikwa kwa maili. Mtu akitaka kujua gari lake linakula kiasi gani inambidi apige hesabu mara mbili.

Dada alikuwa na gari lake miaka mingi. Alipokaribia miaka 70 ikamjia barua, kwani leseni ya huko hufika mwisho ukitimiza umri huo, na baada ya hapo ni kuomba upya kila miaka mitatu na kujieleza mwenyewe kama u mzima na macho yako yanaona. Kipimo cha macho ni kusoma namba ya gari kutoka mita 20. Dada akatoka nje, akasimama, akaitazama namba ya gari la jirani. Akaingia ndani. Wiki ile ile akaliuza gari, wala hakumwita mtu kushauriana naye.

"Hukuona uchungu?" nikamwuliza.

"Uchungu wa nini?" akasema. Akafungua mkoba akanionyesha kadi ya basi. Uingereza mzee aliyefika umri wa pensheni hupanda mabasi ya mjini bure nchi nzima, kuanzia saa tatu u nusu za asubuhi siku za kazi, na mambo hayo yako hivyo tangu mwaka 2008. Basi linapita karibu na mlango wake. Hospitali anakwenda kwa basi, sokoni kwa basi, msikiti uko mwendo wa dakika sita kwa miguu. "Mimi nina dereva amevaa sare," akaniambia, "na simlipi hata senti. Kaka naye na atoe funguo, awache ukaidi."

Nikayatia maneno hayo kibindoni, nikapanda ndege.

Columbus nilipokewa na binti yake Kaka, tukaingia katika barabara ambayo mpaka leo nikiifikiria naona upana wake. Mji huo ndipo zinapopishana barabara kuu namba 70 na namba 71. Za namba shufwa hutoka mashariki kwenda magharibi, na za namba witiri kutoka kaskazini kwenda kusini, nchi nzima, hata mgeni hapotei kirahisi. Zilianza kwa sheria aliyoitia sahihi Rais Eisenhower mwaka 1956, mpango ukiwa ni maili 41,000. Kasi yake huko Ohio nje ya mji ni maili 70 kwa saa, sawasawa na zile kuu za Uingereza. Lakini kufanana kumekoma hapo. Uingereza gari hukaa leni ya kushoto, likihama kulia kwa ajili ya kupita mwenzake tu, kisha hurudi. Anayelala katikati huonekana hana adabu. Ohio kila mtu huchagua leni yake akaifanya makao. Wanakupita kulia, wanakupita kushoto, na hakuna akasirikaye.

Kaka nilimkuta amekaa barazani kwake, nikambusu mkono. Kesho yake akanitupia funguo. "Endesha wewe," akasema, "nione kama Mombasa bado kuna madereva."

Sasa usukani uko kushoto na gari linakwenda kulia. Wenyewe wanasema yalianza na magari ya farasi, ambayo mwendeshaji wake alikaa au kutembea upande wa kushoto. Jimbo la Pennsylvania liliandika sheria ya kupita kulia kwa barabara yake moja mwaka 1792, na Ford alipotoa gari lake maarufu mwaka 1908 akauweka usukani kushoto, mambo yakatulia hapo. Nami nilijiambia kuwa haitanisumbua. Asubuhi tulikuwa tukiandika ubaoni kwa maalimu kutoka kulia kwenda kushoto, na mchana tukaandika shuleni kutoka kushoto kwenda kulia, na mkono haukupata kukosea. Kumbe mkono wa kuandika una kurasa za kuutazamia. Siku ya kwanza kila nilipotaka kuwasha indiketa niliwasha waipa, jua limewaka.

Lililonishangaza zaidi ni njia panda zao. Pale ambapo Mwingereza angeweka mzunguko, Mmarekani ameweka vibao vinne vyekundu vya pembe nane vinavyoamrisha SIMAMA, kimoja kila upande. Kila gari husimama kabisa, hata kama hakuna mwingine hadi upeo wa macho. Aliyefika kwanza huondoka kwanza. Mkifika pamoja, aliye kulia hutangulia. Hakuna kumulikana taa wala kuinuliana mkono. Ni zamu, kama foleni ya benki. Mara yangu ya kwanza nilimpisha mama mmoja ambaye zamu haikuwa yake, kwa adabu niliyotoka nayo Leicester. Akanitazama kama mtu aliyerukwa na akili, na nyuma yangu honi zikaanza. "Usimpishe mtu asiye na haki," Kaka akaniambia. "Hapa heshima yako ni kufuata zamu."

Taa nyekundu nayo si nyekundu kabisa. Ukisimama na ukaona hapana mtu, unaruhusiwa kukata kulia. Ruhusa hiyo ilienea nchi nzima baada ya ile shida ya mafuta ya mwaka 1973, ili magari yasiteketeze petroli bure yakingoja. Lakini jiji la New York limekataa, huko husimama mpaka kibao kikuruhusu. Ajabu iliyoje kwamba watu hao hao, basi la manjano la watoto wa shule likisimama na kuwasha taa zake nyekundu, husimama pande zote mbili za barabara, waliofuatana nalo na wanaokuja mbele yake, kimya kama kwamba imeadhiniwa. Hapo niliwapenda. Ningetamani kuona matatu zetu zikisimama hivyo nje ya shule moja tu, kwa siku moja.

Vibao vya Mwingereza huchora na vya Mmarekani husema. Uingereza pembetatu nyekundu yenye picha yakutahadharisha, nasi tumezichukua hivyo hivyo. Ohio ni maneno, na maneno, na maneno. Asiyejua Kiingereza ana kazi.

Na kuna la polisi. Uingereza dereva huogopa kamera iliyo juu ya mlingoti, kisha barua ikamfuata nyumbani. Marekani huogopa taa za buluu nyuma yake. Mtoto wa Kaka, kijana wa miaka thelathini, alinikalisha kitako kunifunza kabla sijashika gari peke yangu: "Ami, ukisimamishwa, usitoke nje. Kwetu unashuka kumwamkia afande, hapa usishuke. Weka mikono juu ya usukani aione. Usiingize mkono mfukoni mpaka akuambie, na umwambie unachotaka kutoa kabla hujakitoa." Nikadhani anatia chumvi. Akanitajia Philando Castile, aliyepigwa risasi na polisi mwezi wa Julai mwaka 2016 huko Minnesota, akiwa amekaa ndani ya gari lake baada ya kusimamishwa, na mwenziwe na mtoto mdogo wamo garini. Nikayashika mafunzo yale kama nilivyoshika alifu na bee.

Siku ya tatu nilifanya jambo ambalo lilinipa jibu nililokuwa nikilitafuta, ingawa silo jibu nililolitaka. Nilikuwa nimejipanga kumwambia Kaka: fanya kama Dada, tembea, panda basi. Lakini sikupenda kumwambia mtu jambo nisilolijaribu. Msikiti wao uko maili nne. Nikatoka kwa miguu baada ya chai. Nusu maili ya kwanza palikuwa na njia ya waendao kwa miguu. Kisha ikakatika ghafula, kama sentensi ambayo mwandishi wake ameitwa nje. Nikashika majani. Magari yakapita ubavuni mwangu kwa kishindo, nami nikavuka mlango wa kituo cha petroli, mlango wa benki ambayo watu huchukua pesa bila kushuka garini, mlango wa duka la dawa ambalo nalo huuzia dirishani. Kuvuka barabara moja yenye leni saba kulinichukua muda wa kusoma Yasini. Mwanamke mmoja akapunguza mwendo, akashusha kioo, akaniuliza kwa huruma gari langu limeharibikia wapi. Hakufikiria kwamba mtu aweza kuwa anatembea tu. Basi la karibu, nilikuja kujua, halifiki mtaa ule. Kituo chake kiko maili mbili upande mwingine.

Nikafika msikitini nguo zimelowa jasho, adhuhuri imekwisha kusaliwa.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mtihani wa huko ni mwepesi. Ohio kijana wa miaka kumi na mitano u nusu hupata kibali cha kujifunza. Maswali ni 40, akipata 30 yatosha. Sehemu ya barabarani ina zoezi la kupitisha gari katikati ya vigingi vitano, mbele na nyuma. Si kwamba Wamarekani ni wavivu wa kutahini. Ukimnyima mtu leseni mahali kama pale umemnyima kazi, duka, shule na jirani. Kwa hivyo huwapa upesi, na kwa sababu hiyo hiyo huona tabu kuwapokonya. Leseni yenyewe ndiyo kipande chao. Ndiyo watu wengi huonyesha benki, ndiyo huonyesha uwanja wa ndege.

Na gharama yake ipo. Mwaka 2023 waliokufa barabarani Marekani walikuwa karibu 41,000. Katika kisiwa cha Uingereza, Scotland na Wales walikuwa 1,600 na kidogo. Ni kweli Marekani ina watu mara tano zaidi. Lakini ukigawa kwa vichwa, katika kila watu laki moja Marekani hufa kama kumi na wawili, na upande wa pili hawafiki watatu. Wamarekani huenda mbali zaidi, magari yao ni makubwa zaidi, na katika jimbo la New Hampshire mtu mzima halazimishwi kufunga mkanda hata leo, hali Uingereza waliokaa mbele wamelazimishwa tangu Januari mwaka 1983. Nilipozisoma hesabu hizo nilizidi kuona kwamba binti yake Kaka ana haki. Na nilipokumbuka miguu yangu ilivyowaka moto, niliona Kaka naye ana haki.

Sikusema neno siku mbili nyingine. Tulikwenda hata Carmel, karibu na Indianapolis, kumwona rafiki yake wa melini, na huko nikastaajabu kukuta mizunguko, mizunguko mia na hamsini na zaidi, katika mji mmoja wa Kimarekani! Meya wao wa zamani, Jim Brainard, alipata kusoma Uingereza akaipenda, akarudi akaanza kung'oa taa za njia panda. Nikajisikia niko nyumbani, ila wao huzunguka kinyume cha sisi: kitovu kiko kushoto kwako, na wa kumpisha ni atokaye kushoto. Silinganishi, astaghfirullahi, lakini Kaka aliyekwisha hiji mara mbili ndiye aliyesema: "Zunguka kama unavyotufu, hutakosea." Na kweli sikukosea.

Nilikosea siku ya kuamkia Ijumaa. Tulitoka kwenda kusali alfajiri, mimi nikiendesha, Kaka ubavuni. Tukasimama kituoni kutia petroli. Barabara ilikuwa tupu, giza, hakuna hata paka. Na barabara tupu ndiyo mwalimu mbaya kuliko wote, kwani hakuna gari la mbele la kulifuata. Nikatoka nikakata kushoto, na mwili wangu wa miaka thelathini ya Mombasa ukaniweka kushoto, upande wa karibu, nimestarehe kabisa. Nikaona taa mbili mbali. Nikazitazama kama mtu anavyotazama taa za watu wengine.

"Kulia!" Kaka akapiga ukelele. "Kulia, kulia!" na mkono wake umekwisha kushika usukani pamoja na wangu. Gari likayumba, likavuka. Lori likatupita na honi yake ndefu, upepo wake ukalitikisa gari letu, kisha kukawa kimya.

Nikasimama pembeni. Mikono yangu ilikuwa ikitetemeka, na ya Kaka, aliye mzee na jicho moja likiwa bovu, imetulia juu ya magoti yake. Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, bila ya kunitazama:

"Na wewe ndiye uliyetumwa kuja kunitoa funguo."

Sikujua atoke nani amwambie. Labda alijua tangu uwanja wa ndege. Sikukana. Nikamwambia yote: simu ya binti yake, maneno ya Dada, na matembezi yangu ya maili nne. Alipofika kwenye matembezi alicheka, akaniuliza kama nilifika. Nikamwambia nilifika, lakini sala imenipita.

"Dada yenu ametoa gari," akasema, "akapewa basi. Mimi nikitoa nitapewa nini? Kiti?"

Nikamjibu kuwa sina jibu, lakini lile lori lilikuja upande wa kulia wake, upande wa jicho zima, na lingekuja kushoto sijui tungekuwa wapi. Hilo ndilo neno pekee nililomwambia ambalo nadhani liliingia. Akasema, "Twende tukasali." Tukabadilishana viti? Hapana. Aliniambia niendeshe mimi, polepole, naye kila njia panda akawa anataja kwa sauti: "Kulia kwako. Kulia kwako."

Kabla sijaondoka tulipatana hivi: hataendesha usiku, hataingia barabara kuu, na atarudi kwa daktari wa macho, na atakalosema daktari ndilo. Nikarudi Mombasa. Miezi miwili baadaye binti yake akapiga simu. Daktari amekataa. Kaka alitoka kliniki, akampa funguo mlangoni, wala hawakubishana. Ijumaa vijana wa msikitini humpitia kwa zamu. Siku nyingine yuko nyumbani. Leseni ameiweka mfukoni kwa kuwa ndiyo kipande chake.

Dada humpigia kila Jumanne kutoka Leicester, akienda sokoni. Binti yake anasema Kaka amemwomba jambo moja tu, kwamba asimpigie akiwa ndani ya basi.